Lami Ilipofika Bugene, Upepo Nao Ulifika

Ndugu msomaji, ukikaa kijiweni popote, iwe Kariakoo, Mwanza au Bukoba, na mazungumzo yakaangukia magari, utasikia habari za injini tu. Hili lina silinda ngapi, lile lina nguvu za farasi wangapi, dereva wake ana mguu mzito kiasi gani. Ni mara chache mno utamsikia mtu akiuliza gari limechongwaje puani, au linaiachaje hewa kule nyuma. Bodi tumeihesabu kuwa ni pambo, kitu cha kupaka rangi na kuandika majina ya wachezaji mpira. Wiki hii nataka kuitetea bodi, na shahidi wangu ni gari dogo kuliko yote: gari la kuchezea linaloongozwa kwa mawimbi ya redio, lile ambalo watoto wetu huliita gari la rimoti.

Nitaanzia Bugene, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa na ndiko nilikolijua gari kwa mara ya kwanza. Magari tuliyoyatengeneza utotoni yalikuwa ya waya na ya shina la mgomba, magurudumu yakiwa ni kandambili zilizokatwa mviringo. Hatukujali upepo hata kidogo. Tulichojali ni tumbo la gari lisikwame kwenye matuta, na mhimili usivunjike linapodondokea kwenye mtaro. Tulikuwa tukiiga tulichokiona. Barabara ya kutoka Kyaka kuja kwetu ilikuwa ya udongo mwekundu, ikipanda na kushuka vilima. Masika utelezi, kiangazi vumbi. Gari lililosifiwa ni lile lililokaa juu, lenye bampa la chuma na spring ngumu.

Na si Bugene peke yake. Afrika Mashariki nzima ilifundishwa na matope gari zuri ni la namna gani. Mwalimu mkuu wa somo hilo alikuwa ni mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, ile tuliyoizoea kwa mgongo wake wa kobe, na Volkswagen zikashinda tena mwaka 1957 na 1962. Mwaka 1965 akaja Joginder Singh na ndugu yake Jaswant katika Volvo. Peugeot 404 zikatwaa ushindi mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ugumu wa njia hizo ni wa kutisha: mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakawa saba vilevile.

Katika magari yale lilikuwamo moja lililochongwa kwa ajili ya upepo hasa. Hilo ni Saab 96 ya Sweden, kazi ya kampuni iliyoanza kwa kutengeneza ndege. Umbo lake lilikuwa kama tone la maji lililolala ubavu. Mwaka 1964 Erik Carlsson alishika nafasi ya pili nalo. Lakini kinachosimuliwa hadi leo kuhusu umbo hilo hakihusu upepo. Inasimuliwa kwamba Carlsson alipokwama kwenye shimo la matope, yeye na msaidizi wake waliliviringisha gari ubavu kwa ubavu hadi likatoka, na mviringo wa bodi ndio uliowasaidia. Fikiria, msomaji: umbo lililogharimu akili nyingi za wahandisi wa ndege, likifika kwetu, faida yake ni kuviringishwa kama pipa! Sicheki kwa dharau. Kwa njia zile, hayo ndiyo yaliyokuwa matumizi yake ya haki.

Wakati sisi tunafundishwa na matope, wenzetu wa Ulaya walikwishaanza kufundishwa na upepo. Mwaka 1921 Edmund Rumpler, aliyekuwa mtengenezaji wa ndege, alionyesha mjini Berlin gari lililoitwa Tropfenwagen, yaani gari la umbo la tone. Watu walilishangaa, wachache wakalinunua, na yaliyotengenezwa hayakuzidi kama 100. Miaka 58 baadaye, mwaka 1979, Volkswagen waliliingiza moja katika handaki lao la upepo, yaani chumba kinachopuliza hewa juu ya gari lililosimama ili kupima linavyoipinga. Wahandisi wana namba ya kupimia ubaya wa umbo mbele ya upepo. Ikiwa ndogo, umbo ni zuri. Gari la Rumpler lilipata 0.28, namba ambayo magari mengi ya familia yanayouzwa leo hayaizidi kwa ubora. Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo kila mtu akiiona husema imechongwa vizuri, ilikuwa na karibu 0.48. Jicho, kumbe, hudanganyika kwa urahisi.

Baada ya Rumpler alikuja Paul Jaray, mhandisi aliyefanya kazi kwenye meli za angani za Zeppelin kule Friedrichshafen. Jaray alijaribu maumbo kwa mifano midogo katika handaki la upepo, na mawazo yake yakaingia katika gari la Tatra 77 la Czechoslovakia mwaka 1934. Tatizo la tone la maji ni mkia wake mrefu, maana nani ataegesha gari lenye mkia wa mamba? Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Wunibald Kamm wa Stuttgart alikuta kwamba mkia ukiuanza vizuri halafu ukaukata ghafla, faida kubwa inabaki. Nyuma ya magari mengi ya leo, pale yanapokatika wima, mkono wa Kamm umo.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 2010 barabara ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59.1, ilijengwa kwa kiwango cha lami. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mgonjwa anafika Bukoba akiwa hai, ndizi zinafika sokoni zikiwa mbichi. Lakini siku lami ilipofika Bugene, ulifika pia mgeni ambaye hakualikwa kwenye sherehe, naye ni upepo. Sisemi upepo wa mvua. Huo tulikuwa nao. Nasema ule ambao gari hujitengenezea lenyewe kwa kukimbia.

Hesabu yake ni hii. Mwendo wa gari ukizidishwa mara mbili, nguvu ya hewa inayolipinga huongezeka mara nne. Mwendo ukizidishwa mara tatu, nguvu hiyo huongezeka mara tisa. Basi linalopanda barabara ya udongo kwa kilomita 40 kwa saa linapigana zaidi na barabara yenyewe na kilima kuliko hewa. Basi hilohilo likiwa kwenye lami tambarare kwa kilomita 80 kwa saa, sehemu kubwa ya dizeli inayoungua inatumika kusukuma hewa pembeni. Nasi bado tunapanda magari ambayo bodi zake zilibuniwa kwa ajili ya matope: uso wa wima kama ukuta wa ghala, keria juu ya paa, na juu ya keria magunia, baiskeli na mikungu ya ndizi. Barabara imebadilika, lakini umbo tumeliacha palepale.

Hapa ndipo gari la rimoti linapoingia. Mpwa wangu wa Bugene, kijana wa sekondari, alipewa na jamaa wa Dar es Salaam gari la rimoti la mtumba, aina ya wale wanaoshindana kweli, lenye mota kali. Bodi yake ilikuwa imevunjika. Kijana akakata plastiki ya dumu la mafuta ya kula, akaipasha moto, akaikunja juu ya kigogo alichokichonga mwenyewe. Pua akaiinua juu ili isinase majani ya uwanja wa mpira. Kwenye uwanja gari lilienda vizuri. Jumapili moja akalipeleka kwenye kiwanja cha lami ambako malori huegeshwa, nami nikiwapo. Likakimbia hatua kama hamsini, pua ikainuka, na gari zima likapinduka kichali kama mende. Akasema, "Mjomba, nadhani ni jiwe." Tukafagia. Halikuwapo jiwe. Likapinduka tena.

Aliposhusha pua hadi karibu iguse lami, na kuziba uwazi wa mbele, halikupinduka tena jioni ile. Kijana alikuwa amekutana na somo lenye historia ndefu.

Kuongoza chombo kwa redio si jambo la juzi. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyogeuka bila kuguswa, na baadhi ya watazamaji walidhani ni uchawi. Magari yalichelewa. Mwaka 1966 kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli, ilitoa Ferrari 250 LM ndogo ya kuongozwa kwa redio, na mwaka 1976 Tamiya ya Japani ikatoa Porsche 934 iliyoufikisha mchezo huu kwa watu wengi. Bodi za magari ya rimoti ya mashindano baadaye zikawa, na ndivyo zilivyo nyingi hadi leo, za plastiki nyembamba na ngumu ya polikabonati: karatasi ya plastiki hupashwa moto, ikalazwa juu ya kifano cha mbao au cha plasta, hewa ya chini ikafyonzwa, na plastiki ikakumbatia umbo. Rangi hupakwa kwa ndani ili isichubuke. Ukilinganisha na kazi ya mpwa wangu na dumu lake, utaona njia ni moja.

Kisha wakatokea wenye tamaa ya mwendo. Tarehe 25 Oktoba 2014, katika mji wa St George, jimbo la Utah, Marekani, gari la betri la Nic Case lilipimwa likikimbia kilomita 325.12 kwa saa, yaani zaidi ya maili 200. Gari la kubebwa kwapani, linalokimbia kuliko ndege ndogo za abiria zinapoinuka uwanjani! Na watu wa fani hiyo watakuambia kwamba kupata mota yenye nguvu si kazi ngumu. Kazi ngumu ni bodi.

Kwa nini? Kwa sababu unaweza kulipunguza gari, lakini huwezi kuipunguza hewa. Chukua gari na ulifanye dogo mara kumi kwa kila upande. Eneo linalopigwa na upepo linapungua mara mia, lakini uzito unapungua mara elfu. Maana yake ni kwamba, kwa mwendo uleule, upepo unalimudu gari dogo mara kumi kuliko unavyolimudu kubwa. Waangalie kuku uani siku ya dhoruba: upepo unaotimua tu manyoya ya jogoo humviringisha kifaranga hadi ukutani. Aidha, Osborne Reynolds wa Manchester alionyesha mwaka 1883, kwa rangi iliyotiririshwa katika bomba la maji, kwamba tabia ya kinachotiririka hubadilika kwa kutegemea mwendo na ukubwa wa njia. Kwa kitu kidogo hewa ni kama nzito zaidi, yenye kunata. Ndiyo maana umbo lililofaa kwa gari kubwa haliwezi kunakiliwa hivihivi kwa gari dogo na kutegemewa.

Mchongaji wa bodi ya gari dogo la mwendo, basi, ana mambo manne ya kuangalia. Kwanza, pua iwe chini kabisa, maana hewa nyingi ikipata njia ya kuingia chini ya tumbo hugeuka jeki. Pili, magurudumu yafunikwe, kwa kuwa gurudumu linalozunguka wazi huivuruga hewa kuliko kitu kingine chochote garini. Tatu, mgongo ushuke polepole kuelekea mkiani, ili hewa iliyopasuliwa mbele ikutane nyuma kwa utulivu. Isipokutana vizuri, nyuma hubaki kama ombwe linalolivuta gari. Nne, ziwepo pezi za kusimama nyuma, kama manyoya ya mshale, ili gari lisiyumbe upepo ukilipiga ubavuni. Na juu ya yote bodi iwe imara, kwa sababu kwa mwendo ule plastiki nyembamba hubonyea, na ikibonyea umbo lote ulilolichonga limepotea.

Gari dogo likikosea mambo hayo, huokotwa, likafutwa vumbi, na kazi ikaendelea. Lakini watu wazima waliyajifunza mambo hayohayo kwa gharama nyingine. Tarehe 28 Januari 1938, kwenye barabara kuu kati ya Frankfurt na Darmstadt, Rudolf Caracciola alikimbia kilomita 432.7 kwa saa katika Mercedes. Asubuhi ileile Bernd Rosemeyer akajaribu kumpita kwa Auto Union iliyofunikwa kila upande kwa bodi ya kupasua hewa. Upepo wa ubavuni ukalipata gari lake, likatoka barabarani, naye akafa. Tarehe 4 Januari 1967 Donald Campbell, aliyekuwa ameweka rekodi ya mwendo wa gari mwaka 1964 kule Australia, alikuwa ndani ya boti yake Bluebird kwenye ziwa Coniston nchini Uingereza, akikimbia zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Pua ikainuka, hewa ikaingia chini, boti ikaruka na kupinduka, na Campbell akafa. Hata mwaka 1999, pamoja na kompyuta zote zilizokuwapo, magari ya Mercedes yaliinuka pua na kupaa mara tatu katika shughuli za mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa: mara mbili Mark Webber akiwa ndani, mara moja Peter Dumbreck, ambaye gari lake lilitua nje ya uzio. Hao wawili walipona kwa bahati.

Pua iliyoinuka, hewa iliyoingia chini: ndilo jambo alilolikuta mpwa wangu kwenye kiwanja cha malori, kwa gharama ya dumu moja la mafuta ya kula. Hii ndiyo hoja yangu, msomaji. Gari la rimoti ni shule ya upepo yenye ada ndogo kuliko zote, nasi tunaiita mchezo wa watoto wa matajiri.

Kuna watakaosema mambo haya si yetu. Historia haikubaliani nao. Mkoa huu wa Kagera umeijua kazi ya hewa tangu zamani: Peter Schmidt, aliyechunguza ufuaji wa chuma wa Wahaya, aliandika mwaka 1978 pamoja na mwenzake kwamba mabomba ya mivukuto yaliwekwa ndani ya tanuri, hewa ikapashwa moto kabla ya kuukuta mkaa. Wazee wale hawakuiona hewa, lakini waliipa njia na kuitumikisha. Katika miaka ya 1980 nchi yetu ilijaribu kutengeneza lori lake wenyewe pale Nyumbu, Kibaha, ingawa nalo lilizaliwa kwa ajili ya njia mbovu. Na jirani zetu wa Uganda, ambao kutoka Karagwe unawafikia kwa safari fupi kuliko Dodoma, walionyesha mwaka 2011 gari dogo la umeme la Kiira lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Makerere, kisha mwaka 2016 basi la Kayoola lenye kusaidiwa na nguvu ya jua. Gari la betri haliwezi kupuuza upepo, kwa sababu kila kinachopotea puani kinatoka kwenye akiba ndogo. Kadiri magari ya umeme yanavyozidi, mafundi wa bodi watatafutwa kuliko mafundi wa kabureta.

Watatoka wapi mafundi hao? Shule za sekondari zinafundisha nguvu na mwendo ubaoni, mwanafunzi anakariri, anafanya mtihani, anasahau. Vyuo vya ufundi vinafundisha kunyoosha bodi iliyogongwa, na hiyo ni kazi ya heshima, lakini swali la kwa nini bodi ikae hivi na si vile haliulizwi. Sisemi serikali inunue mahandaki ya upepo kesho. Nasema mwalimu wa fizikia akiwa na gari moja la rimoti, saa ya kupimia, feni na madumu yaliyotupwa, anaweza kuwapa wanafunzi arobaini somo ambalo hawatalisahau. Kila kundi lichonge bodi yake, gari lilelile likimbizwe umbali uleule, na namba ziandikwe. Asiyeamini hesabu ya mara nne ataiona kwa macho yake.

Na kwa wenye mabasi nina ombi dogo zaidi, lisilohitaji mwalimu. Chukueni safari mbili za Bugene hadi Bukoba, dereva mmoja, mzigo sawa, mwendo ule wa kisheria. Ya kwanza, keria iwe juu ya paa, hata ikiwa tupu. Ya pili, ifunguliwe iachwe stendi, na mizigo iingie kwenye buti la chini. Pimeni dizeli kila mara. Tofauti mtakayoiona ndiyo kodi ambayo upepo umekuwa ukikusanya kila siku tangu lami ifike, na mlipaji wake wa mwisho ni mama aliyeketi kiti cha nyuma na tiketi yake mkononi.

Tukutane wiki ijayo.